Wale Kumi na Wanane wa Siloamu na Watu wa Sange

Somo: Luka 13:1-9

Nawasalimu ninyi mnaokaa hapa Bujumbura katika vyumba vya kupanga, na ninyi mnaopata gazeti hili kambini likiwa limeshapita mikono mingi na kuchakaa.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia usome somo letu kwa sauti, watoto wakisikia. Mimi nitalieleza kwa maneno yangu tu.

Watu walimjia Yesu na habari. Habari mbaya ina miguu mirefu, sisi tunajua. Walimwambia juu ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakati wa kutoa sadaka zao. Yesu akawauliza kama wanafikiri wale waliuawa kwa sababu dhambi zao zilizidi za Wagalilaya wengine. Kisha yeye mwenyewe akaongeza habari nyingine, ambayo hakuna aliyemuuliza: mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Je, hao ndio walikuwa waovu kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu kwamba sivyo. Alijibu hivyo mara mbili, na mara mbili akawageukia wale waliokuwa wamesimama mbele yake, wazima, na kuwaambia watubu wao.

Wapendwa, andiko hili nimelihubiri vibaya. Leo naliandika kwa sababu hiyo.

Mwaka 2010 nilikuwa nimetoka shule ya Biblia si zamani, nikiwa na kusanyiko dogo upande wa Uvira. Nilikuwa na redio ndogo ya mawe mawili, na mwaka ule kila ukiifungua unasikia mafuta ya Ghuba ya Mexico. Vijana wetu hawakumbuki, kwa hiyo nieleze. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta baharini, uitwao Deepwater Horizon, ulilipuka mbali na pwani ya Louisiana, Marekani. Wafanyakazi 11 walikufa, na miili yao haikupatikana hata leo. Baada ya siku mbili mtambo ulizama. Kisima walichokuwa wakichimba kwa ajili ya kampuni ya BP kilikuwa chini ya maji kama mita 1,500. Ukitaka kuelewa urefu huo, fikiri Ziwa Tanganyika letu mahali palipo na kina kuliko pote: ni karibu sawa. Huko chini gizani mafuta yakatoka mchana na usiku kwa siku 87, hadi tarehe 15 Julai walipofaulu kukifunga. Watalaamu wa serikali ya Marekani walikadiria kwamba yalitoka mapipa karibu milioni 5.

Nilipokuwa nikisikiliza, nilikuwa na furaha mbaya moyoni. Nasema kweli mbele za Mungu. Nilisema, kumbe na matajiri nao wanalia! Nikachukua Ufunuo 16, bakuli la pili, bahari kugeuka kuwa kama damu, nikawahubiria watu wangu kwamba ndilo hilo. Watu wakapiga kelele za amina. Hakuna aliyeniuliza juu ya wale 11 walioungua, na mimi mwenyewe sikuwafikiria. Mahubiri ya namna hiyo hayana gharama, kwa sababu waliokufa wako mbali na ndugu zao hawakai kwenye benchi lako.

Kisha ikaja Ijumaa, tarehe 2 Julai 2010.

Wengi wenu hamhitaji kuelezwa. Sange iko katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Kamyo iliyobeba esansi ilianguka katikati ya mji ule jioni, na esansi ikaanza kumwagika. Watu wakaja na bidoni, sufuria na ndoo, wengine wakaja kutazama tu. Siku zile ilikuwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na katika nyumba za sinema karibu na barabara vijana walijaa wakitazama mpira. Moto ukalipuka, ukapita juu ya watu na juu ya nyumba za udongo na manyasi kwa mara moja. Walikufa watu zaidi ya 230, wanawake na watoto wakiwa wengi. Majeruhi walichukuliwa kwa gari na kwa helikopta za Umoja wa Mataifa kwenda hospitali. Waliokufa, wengi hawakuweza kutambuliwa hata na mama zao, wakazikwa kwa pamoja katika makaburi makubwa.

Siku hiyohiyo kisima cha Ghuba ya Mexico kilikuwa bado kinatoa mafuta. Mimi nikayaunganisha. Jumapili iliyofuata nilisimama na kusema kwamba Mungu anasema na dunia kwa mafuta: kule kwa sababu ya choyo ya wakubwa, hapa kwa sababu ya wizi wa wadogo. Nilisema waliokufa Sange walikwenda kuiba mali isiyo yao na moto uliwapata mikononi. Nilisoma Luka 13, lakini nilisoma ile sehemu ya kutubu tu, kama mtu anayekula nyama na kumpa mgeni mfupa.

Mama mmoja alisimama katikati ya mahubiri, akafunga mtoto mgongoni na kutoka. Niliona. Nikaendelea.

Sasa Mungu ana njia zake. Miaka ikapita, vita vikatutawanya, nami nikavuka mpaka kama ninyi nilivyovuka, na mfuko mmoja. Siku moja, katika maombi ya Jumatano hapa Bujumbura, baada ya ibada mama mmoja alibaki ameketi. Nikamsalimu. Akaniambia, "Pasta, mimi nakujua. Wewe ndiwe ulimhubiri mume wangu." Sikuelewa. Akasema, "Yule mwizi wa Sange."

Nilianza kuomba samahani kwa haraka, kama watu wanavyofanya wakitaka jambo liishe. Nikamwambia labda mume wake alikuwa akipita tu, labda alikuwa kwenye mpira, nimesikia kwamba wengi hawakuwa na kosa. Akanikatiza. "Hapana, Pasta. Alikuwa na bidoni. Bidoni nilimpa mimi. Mtoto alikuwa anafukuzwa shuleni kwa sababu ya minerval. Sasa niambie: mimi niliyempa bidoni, mbona niko hapa?"

Wapendwa, katika shule ya Biblia nilifundishwa Kigiriki kidogo na namna ya kugawa mahubiri katika sehemu tatu. Kwa swali lile sikuwa na sehemu hata moja. Tuliketi tu. Baadaye nilirudi nyumbani nikafungua Luka 13 na kuisoma kama mtu anayesoma barua iliyomfikia kwa kuchelewa.

Nikaona kwanza kwamba Yesu hakutafuta kosa la wale 18. Labda walikuwa mafundi wa mnara ule, labda wapita njia. Labda mmoja wao alikuwa mwizi kweli, maana katika watu 18 huwezi kukosa. Luka hasemi, na Yesu haulizi. Yule mama alinifundisha zaidi ya mwalimu wangu wa Agano Jipya, kwa sababu mimi nilitaka kumtetea mume wake kwa kusema hakuwa na bidoni, kana kwamba mwenye bidoni alistahili kuungua. Hata utetezi wangu ulikuwa hukumu juu ya wengine.

Nikaona pia kwamba Yesu hakusema Pilato hana hatia. Hii lazima tuishike, maana kuna wahubiri wanaosema kila msiba ni mapenzi ya Mungu na watu wanyamaze. Kule Marekani watu hawakunyamaza, na haki ilikuwa upande wao. Mwezi Juni 2010 kampuni ilikubali kuweka kando dola bilioni 20 kwa ajili ya fidia. Mwaka 2014 jaji aliamua kwamba BP ilifanya uzembe mkubwa, na mwaka 2016 mahakama ikapitisha mapatano ya zaidi ya dola bilioni 20. Mnara ukianguka, aliyeujenga aulizwe. Kamyo ikianguka, mwenye kamyo na mwenye barabara waulizwe. Kuuliza si kukosa imani. Wale wavuvi wa Louisiana waliozuiwa kuvua walikuwa na watoto wa kulisha kama wavuvi wa Kalundu na Rumonge.

Lakini hasira za watu ni kama moto wa manyasi, hazichagui. Wengine kule walikwenda kufanya maandamano kwenye vituo vya esansi vyenye alama ya BP, wakakataa kununua, na vituo vile vingi vilikuwa mali ya wafanyabiashara wadogo wa mtaani waliokodi jina tu. Mkuu wa kampuni naye alisema mbele ya waandishi kwamba anatamani kupata tena maisha yake, akasahau kwamba wale 11 hawatayapata tena ya kwao. Aliomba radhi baadaye, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Magazeti yakajaa picha za ndege waliopakaa mafuta. Ndege ni viumbe vya Mungu, sisemi vibaya. Ila wajane wale walikuwa wakitazama televisheni kama watu wengine, na kila jioni walioona ni ndege. Baraza la Seneti la jimbo la Louisiana nalo lilitenga Jumapili ya tarehe 20 Juni iwe siku ya maombi, miezi miwili kamili tangu mlipuko. Najua kuna waliocheka. Mimi sicheki. Mtu aliyejaribu kila kitu na kisima bado kinatoka, aombe. Sisi tumeomba kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kuna msiba mwingine wa mafuta baharini, huu wa karibu nasi zaidi, ambao ulinisaidia kuelewa sehemu ya mwisho ya somo. Ni kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi upande wa mashariki wa Madagaska. Tarehe 25 Julai 2020 meli kubwa ya Wajapani iitwayo Wakashio, iliyokuwa ikitoka Singapore kwenda Brazil, ilipanda juu ya miamba ya matumbawe na kukwama. Kwa siku 12 ilikaa pale watu wakiitazama, na tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja. Karibu tani 1,000 za mafuta mazito meusi ziliingia katika maji ambayo wavuvi wa kule walikuwa wakipata chakula.

Serikali iliwaambia wananchi wakae mbali na kuacha kazi kwa wanaojua. Hawakukaa mbali. Walileta majani makavu ya miwa kutoka mashambani, wakashona magunia na vitambaa, wakajaza majani ndani na kutia chupa za plastiki tupu ili vielee. Wengine walinyoa nywele zao, kwa sababu nywele hunyonya mafuta. Wazee, wanafunzi, wamama wenye vilemba, Wahindu, Wakristo na Waislamu, wote waliingia majini hadi kiunoni kuvuta nyoka ndefu wa majani ya miwa kuzunguka mafuta. Na tarehe 29 Agosti maelfu kwa maelfu walivaa nguo nyeusi wakatembea katika mji mkuu wa Port Louis kuuliza kwa nini siku zile 12 zilipita bure. Nahodha na msaidizi wake wa kwanza walihukumiwa mwezi Desemba 2021. Habari zilisema kwamba meli ilisogea karibu na nchi ili mabaharia wapate mtandao wa simu. Walikuwa wameshakaa baharini muda mrefu, na dunia ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Ninyi mnaopanda mlimani kutafuta mtandao ili kusikia sauti ya mtoto aliyebaki Fizi, mnaelewa dhambi hiyo. Ilikuwa kosa, na mahakama ilifanya kazi yake. Lakini nani kati yetu atarusha jiwe kwa raha?

Sasa rudini kwenye Luka 13, mstari wa 6. Mara nyingi tunasoma habari ya mnara na kufunga Biblia, kumbe Yesu hajamaliza. Anaendelea na mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, na hasemi mti ule ni mzuri, wala hatoi sababu za kutozaa. Anachosema ni kwamba atauchimbia pembeni na kuutia mbolea. Yaani atachafuka mikono. Watu walikuja kwa Yesu wakitaka maelezo ya vifo, naye akawaachia jembe na samadi. Hapo nikawaona wale watu wa Morisi wakiwa weusi hadi mabegani.

Toba ambayo Yesu aliidai kwa wale wabeba habari, mimi naielewa hivi: acha kuhesabu dhambi za waliolala chini ya mnara, kisha shika jembe kabla mwaka wako haujaisha.

Jembe hilo kwetu hapa ni nini? Nitasema jambo moja dogo, na mtanisamehe mkiona si la kiroho. Tangu mwaka 2021 nchi hii iliyotupokea imepita katika shida kubwa ya esansi. Magari yamelala kwenye foleni siku nyingi. Watu walikuwa wakivuka Gatumba na Kavimvira kwenda kununua Uvira kwa bidoni, na vijana wetu wamekula kwa biashara hiyo. Sitawahukumu, nilishahukumu vya kutosha mwaka 2010. Lakini nimeingia katika nyumba za waamini wetu, nikakuta bidoni ya esansi chini ya kitanda wanakolala watoto wanne, na mbabula inawaka mlangoni. Nimeambiwa, "Pasta, Mungu analinda." Mungu analinda, ndiyo, na amekutuma mimi nikuambie: itoe. Mvuke wa esansi hauonekani, unatambaa chini kama maji mpaka ukute moto. Na wazazi, waambieni watoto wenu leo, msingoje: kamyo ya esansi ikianguka, mtu hukimbia kwenda mbali, hata kama majirani wote wanakimbia kwenda karibu. Anayemjua jirani asiye na chakula kiasi cha kumfanya akimbilie esansi iliyomwagika, amlete kwa mashemasi. Sanduku letu ni dogo lakini halijafungwa.

Jambo jingine ni midomo yetu. Sisi wakimbizi tunajua jinsi ilivyo kuulizwa kwa macho: mlifanya nini huko kwenu hata Mungu akawafukuza? Tumeulizwa hivyo penye foleni ya maji, na wengine wameulizwa ndani ya makanisa. Maji ya ziwa yalipopanda na kuzamisha nyumba za Gatumba, nilisikia mtu wetu akisema kwamba wale nao sasa wameonja. Huyo alikuwa akihubiri mahubiri yangu ya 2010. Nilimjibu kwa upole, kwa sababu nilimtambua.

Yule mama yuko pamoja nasi. Amenipa ruhusa ya kuandika haya, ila akakataa jina lake liandikwe, na alisahihisha mahali pawili. Nilikuwa nimeandika kwamba amenisamehe. Akasema nifute, niandike kwamba anasali ili aweze. Nimeandika.

Tarehe 2 Julai, jioni saa kumi na mbili, tutakutana kanisani. Hakutakuwa na mahubiri. Aliye na mtu wake aliyekufa Sange, au majini, au njiani tulipokuwa tukikimbia, aje na jina lake kwenye karatasi, au alitamke tu kama hawezi kuandika. Tutayasoma yote mbele za Bwana, jina moja baada ya jingine, bila kuongeza neno juu ya namna alivyokuwa. Majina ya wale 11 wa Louisiana sitayasoma, sijui kuyatamka vizuri, lakini tutawakumbuka kwa hesabu yao. Wamama wa kwaya wataleta chai. Atakayeweza kuleta sukari, alete.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.

Mchungaji wenu, Bujumbura